Isukuti Kangemi: Kisa cha Ngoma Iliyokosa Shughuli

Jioni ile mvua ilikuwa imenyesha tangu saa nane, na ngoma zetu zote tatu zilikuwa zimelegea. Ngozi ya mbuzi ikinywa unyevu haina tofauti na godoro. Unaipiga, inakujibu "pufu". Mzee, mkufunzi wetu, hakusema kitu. Alivuka barabara hadi kwa mama wa mandazi, akaomba nafasi kwenye jiko, akaibana ngoma kubwa kwapani na kuizungusha polepole juu ya makaa, huku kiganja cha mkono wa pili kikipita juu ya ngozi kupima joto. Akaigonga kwa kidole kimoja, akasikiliza, akairudisha motoni. Alipoigonga tena sauti ilitoka kavu na ya juu, hata mteja mmoja aliyekuwa akinywa chai akageuka kutazama.

Vijana wetu kumi na wanne walikuwa wamejibanza chini ya paa la kioski, kila mmoja na fulana yenye nembo ya mfadhili kifuani. Wawili walikuwa wanarekodi kwa simu. Nilimuuliza mmoja kama amewahi kuona ngoma ikikaushwa motoni. Akasema hapana. Nikamuuliza wa pili, hapana. Tulikuwa tumemaliza mwaka mzima wa mafunzo ya isukuti, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ngoma huandaliwa kabla ya kupigwa. Kila Jumamosi Mzee alikuwa akifika ukumbini mapema, anazikausha ngoma motoni peke yake nyuma ya jengo, na wao wakija saa nane wanazikuta ziko tayari, kama mtu anayekuta chai mezani.

Mimi nilikuwa katibu wa mradi huo. Majina ya watu, ya shule na ya mfadhili nimeyaacha. Nimeandika kwa sababu naona miradi mingi ya namna hii ikianzishwa hapa Nairobi, na ikisifiwa kwa mambo yaleyale tuliyosifiwa sisi kabla ya usiku ule.

Tulivyouanza

Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, Waluhya wa kaunti ya Kakamega, pande za Shinyalu na Ikolomani. Jina ni la ngoma zenyewe kabla ya kuwa la mchezo: kubwa, ya kati na ndogo, ambazo Mzee huziita baba, mama na mtoto. Pamoja nazo kuna pembe ya swala na vyuma vya kutikiswa. Mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia, wanaume safu yao na wanawake safu yao, na mwendo ni wa kasi kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani watu wana ugomvi. Huchezwa mtoto akizaliwa, vijana wakipita tohara, harusini, fahali wakipelekwa uwanjani kupigana, na mtu akifa.

Mwaka wa 2014 UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu zilizotajwa ni zile ambazo mtu yeyote wa Shinyalu angekuambia bila kwenda Paris: wanaoijua wamezeeka na hawana warithi, pesa na vifaa vya kutengeneza ngoma na mavazi ni shida, watunzi wamehamia muziki unaolipa, na wasikilizaji wamepata burudani nyingine. Miaka mitano kabla yake, mila za kaya za Wamijikenda ziliingia kwenye orodha hiyohiyo, na mwaka wa 2018 zikafuata zile sherehe tatu za rika za Wamaasai. Kwa hiyo tunaandikisha kwa bidii. Karatasi ile ya 2014 haikuleta kitu Kangemi, ila ilitusaidia sana kuandika ombi la ruzuku.

Kwa nini Kangemi? Kwa sababu ndiko tunakoishi, na kwa sababu Waluhya hapa ni wengi. Mabasi ya usiku ya kwenda magharibi hupakia abiria pale barabarani Waiyaki Way, na ukisimama stejini saa mbili usiku mwezi wa Disemba utasikia Kiluhya cha kila aina kikibishania nauli. Watu wetu walihamia Nairobi na ngoma zao. Watoto wao, yaani sisi, tulizikuta ngoma chini ya kitanda na hatukuuliza ni za nini. Mama yangu ni Mwisukha. Mimi nilijua maneno ya kuomba uji na ya kukaripiwa, basi.

Washirika wetu wa mwanzo walikuwa wanne. Mfadhili alitoa pesa. Shule ya msingi ya umma ilitoa watoto na mwalimu wa muziki. Wasimamizi wa ukumbi wa mtaa walitupa nafasi kila Jumamosi, saa nane hadi saa kumi. Sisi kikundi cha vijana tulitoa jasho na ripoti. Mzee, ambaye alistaafu kazi ya usoja wa usiku Westlands na ambaye kila Mwisukha wa hapa anamjua, aliajiriwa kama mkufunzi, kwa malipo ya kila kipindi. Angalia vizuri: hakuwa mshirika. Alikuwa mstari kwenye bajeti.

Malengo yalikuwa vijana thelathini, maonyesho manne na video moja. Yote tuliyatimiza. Mwalimu wa muziki alitutengenezea igizo la dakika sita, lenye mwanzo, kilele na mwisho, kila mtu akijua hatua zake. Simlaumu. Tamasha la muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, na limezalisha walimu hodari wa kuifanya ngoma ya kijiji itoshee jukwaani mbele ya waamuzi. Alikuwa anafanya alichofunzwa, na alikifanya vizuri. Tulicheza siku ya utamaduni shuleni, tukacheza kwenye kikao cha mfadhili hotelini, wageni wakapiga picha. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kukaribisha wageni. Hili la wimbo likumbuke.

Ripoti ya mwaka wa kwanza ilikuwa nzuri sana. Niliiandika mwenyewe.

Usiku wa matanga

Marehemu alikuwa mama aliyeuza mboga sokoni kwa miaka mingi, mtu wa Shinyalu. Familia ilikuwa inakusanya mchango wa kulipa mochari na kusafirisha mwili nyumbani, na watu walikuwa wakikutana kila jioni chini ya turubai nje ya nyumba yake. Mwanawe mkubwa alisikia kuna vijana wa isukuti hapa mtaani. Akaja kutuomba tucheze usiku wa mwisho kabla ya safari. Tulifurahi. Hatimaye jamii yenyewe imetuita! Nilimjulisha hata mfadhili.

Tulipoanza, mambo yalikuwa mazuri. Ngoma zilikuwa zimeshakaushwa kwa mama wa mandazi, vijana walikuwa wamejaa ari, na akina mama waliokuwa wameketi kwenye viti vya plastiki wakaanza kusimama mmoja mmoja, wakijifunga leso kiunoni. Sasa, mtu wa miaka sitini akisimama kwenye matanga hasimami mara moja. Anamalizia kikombe, anamkabidhi mwenzake mtoto, anavua viatu. Ile wanafika katikati ya turubai, dakika sita zikaisha. Vijana wakapiga lile pigo la mwisho tulilolifanyia mazoezi wiki nzima, wakainama kwa pamoja, na kukawa kimya.

Wakasubiri makofi. Kwenye matanga.

Mmoja wa wenyeji akawaambia waendelee. Wakaanza upya, mwanzo, kilele, mwisho. Mara ya tatu kukhu mmoja, yaani bibi, aliyekuwa mbele kabisa alisimama tuli, akageukia kwa Mzee na kumuuliza kwa Kiisukha, na mama yangu akanitafsiria: "Hawa watoto wanamwimbia nani?" Maana walikuwa wanakaribisha wageni. Wanamshukuru mgeni wa heshima kwa kuja. Jina la marehemu halikuwa limetajwa hata mara moja, na jeneza, kama lingekuwepo, lingedhani limekosea nyumba.

Mzee akavua koti. Akachukua ngoma kubwa kwa kijana aliyekuwa nayo, wazee wawili wakajitokeza kutoka gizani kuchukua zile nyingine, na hapo nikaisikia isukuti kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Alimtaja marehemu kwa jina lake na la baba yake. Akataja ukoo alikoolewa. Akaitaja meza yake ya mboga, na namna alivyokuwa anakuongezea mchicha kisha anakudai pesa ya juzi mbele za watu, na watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Akamtaja binti aliyekuja kutoka Mombasa na ambaye alikuwa hajalia bado. Binti akalia. Hilo lilikwenda hadi baada ya saa sita. Watoto wa jirani walikuwa wameleta spika zao tayari kwa disko matanga, zikabaki kwenye mkokoteni.

Vijana wetu walisimama pembeni na fulana zao. Nilijisikia vibaya kwa ajili yao kuliko kwa ajili ya mradi. Tulikuwa tumewadanganya kwamba wanaijua ngoma hii.

Kosa lilikuwa wapi

Kwenye kikao kilichofuata kulikuwa na maelezo mengi. Mfadhili aliona ni suala la muda: tuongeze saa za mafunzo. Mwalimu alipendekeza atunge kipande cha pili, cha huzuni, ili kila hali iwe na chake. Mmoja wetu alisema shida ni lugha, kwamba watoto wa Kangemi wanaongea Sheng na tunawalazimisha Kiisukha. Kila hoja ilikuwa na ukweli wake, na kila moja ingetuletea aibu nyingine baada ya mwaka.

Mimi naona kosa lilikuwa kwenye swali tulilolianza nalo. Tulipotafuta washirika tuliuliza nani ana pesa, nani ana ukumbi, nani ana watoto. Hatukuuliza nani ana shughuli. Isukuti haikukaa vizazi vyote hivyo kwa sababu kuna mtu aliyeifundisha Jumamosi saa nane. Ilikaa kwa sababu mtu akifa lazima azikwe na kelele yake, na kijana wa nyumba hiyo hawezi kukaa bila kufanya kitu, atapewa chuma atikise, mwakani ngoma ndogo, na hivyo hivyo. Sisi tulichukua ngoma tukaacha lazima.

Sina ugomvi na jukwaa. Bomas of Kenya, kituo cha maonyesho ya ngoma za jamii kule Lang'ata, ilianzishwa mwaka wa 1971, na kuna Wakenya wengi ambao kama si kupelekwa Lang'ata na shule wasingewahi kuona ngoma ya jamii isiyo yao. Hiyo ni kazi, na ina heshima yake. Lakini jukwaa humwonyesha mgeni. Kumlea mpigaji ni kazi nyingine, na ruzuku yetu ilikuwa imeandikwa kana kwamba hizo mbili ni kitu kimoja.

Mfano mzuri ulikuwa karibu, na kwa Waisukha wenyewe. Mwaka wa 2021 UNESCO iliitambua Kenya kwa kazi ya kuhifadhi vyakula vya kiasili, ikaiweka kwenye rejista ya mifano bora. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa Isukha na watoto wa shule: walishirikishwa kukusanya maarifa ya vyakula kutoka kwa wazazi na wazee wao. Yaani mtoto alirudi nyumbani na swali, na jibu lilikuwa jikoni, mahali ambapo chakula kinapikwa kwa vyovyote. Hawakujenga jiko la maonyesho.

Mwaka wa pili

Tulikwenda kwanza kwa chama cha kusaidiana cha watu wa Shinyalu wanaoishi hapa. Ni chama cha kawaida, michango ya kila mwezi, kitabu cha mweka hazina, faini kwa wachelewaji. Wao ndio hujulishwa mwanzo mtu akifiwa. Makubaliano yalikuwa ya mdomo na mafupi: mwanachama akifiwa, vijana wanaitwa, kwenye matanga hawalipwi, wanapewa chakula na nauli, kwenye harusi wanalipwa. Mzee akaacha kuwa mkufunzi wa malipo ya kipindi. Chama kilimteua kuwa mwenye ngoma, na sisi tukawa tunaomba ruhusa kwake. Ilitushangaza jinsi hilo dogo lilivyobadilisha mwenendo. Kijana aliyekuwa akichelewa Jumamosi na kujieleza kwa ujumbe wa simu alianza kufika mapema.

Washirika wa pili walikuwa mashabiki wa AFC Leopards, timu ya soka tunayoiita Ingwe. Hili lilikuwa wazo la vijana wenyewe na nilikaribia kulikataa. Ingwe ilianza mwaka wa 1964 ikiitwa Abaluhya, na jina la sasa lilikuja 1980 wakati majina ya kikabila yalipopigwa marufuku kwenye vilabu. Jina liliondoka, ngoma zikabaki kwa mashabiki. Ukikaa upande wa Ingwe siku wanacheza na wapinzani wao Gor Mahia, isukuti inapigwa kabla ya mechi, wakati wa mechi, na hata timu ikifungwa. Pale hakuna dakika sita. Kijana mmoja wetu alirudi kutoka uwanja wa Nyayo viganja vimevimba, akaniambia, "Katibu, kule ukichoka hakuna mtu anakupigia makofi, wanakunyang'anya tu ngoma." Na maneno yanabuniwa palepale: mchezaji akikosa bao anaimbwa kabla hajasimama. Mzee alikwenda nao mara moja. Nilidhani atakasirika kuona ngoma ya matanga ikiwatukana Gor. Alikaa, akasikiliza, akasema mpiga ngoma ya kati anakimbiza wenzake.

Uwanja ukawafundisha pumzi na ubunifu. Lugha ilibaki kuwa mlima. Tulijaribu kuandika maneno ya nyimbo kwenye daftari, tukamrekodi Mzee akiimba wimbo uleule siku tatu tofauti ili tupate maneno sahihi. Tukaketi kunakili. Rekodi tatu, nyimbo tatu: kiitikio ni kilekile, lakini mistari yake yote imebadilika. Msichana mmoja akamuuliza, "Mzee, sasa iliyo sawa ni gani?" Akasema, "Ya siku hiyo."

Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana jibu lile lilifuta mpango wetu wa kitabu cha nyimbo. Kinachorithiwa si mistari. Ni ule uwezo wa kusimama mbele ya watu waliofiwa ukaijaza nafasi kati ya viitikio viwili kwa jina linalofaa. Mkataba wa UNESCO wa 2003, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2007, unasema urithi wa aina hii hubuniwa upya kila mara na jamii inayoumiliki. Nilikuwa nimelinakili hilo kwenye ombi la ruzuku bila kulielewa. Basi tukaacha daftari. Kijana anayetaka kuimbisha anatumwa kwanza kwa familia, mchana, aulize marehemu alikuwa nani, baba yake nani, alipenda nini, alikuwa na ugomvi na nani usiotajwa. Kiitikio kinabaki Kiisukha. Katikati wengine huchanganya Kiswahili. Akina kukhu wananung'unika kidogo, lakini wanacheza.

Ngoma nazo zina kisa chao. Fundi aliyetutengenezea seti ya kwanza, mtu wa kule nyumbani, alituambia ngozi yake halisi ni ya kenge: nyembamba, haivuti maji, inatoa sauti kali. Lakini kenge ni mnyama wa porini, na tangu sheria ya wanyamapori ya 2013 hakuna anayetaka kupanda basi la usiku na ngozi yake kwenye mfuko na kukutana na kizuizi cha polisi. Kwa hiyo magogo yanatoka Shinyalu, ngozi ya mbuzi tunaipata Kiamaiko, ambako mbuzi huchinjwa kila siku, na vijana wamejifunza kuikwangua, kuilowesha na kuiwamba wenyewe nyuma ya ukumbi. Harufu imetugombanisha na jirani. Sauti ya mbuzi ni nene kuliko ya kenge, na mvua ikinyesha ni lazima jiko. Wako wanaosema hiyo si isukuti kamili. Pengine. Mama wa mandazi sasa anatutengea nafasi akiona mawingu.

Kuhusu wasichana, sijui nimalizie wapi. Mzee alisema wazi kwamba kwao mwanamke hashiki ngoma, ana safu yake na kazi yake. Wasichana wawili walikuwa wapigaji bora kuliko wavulana wote. Nyayo walipiga na hakuna aliyeuliza. Mazoezini Mzee aliwarekebisha mikono bila kusema lolote, jambo ambalo mimi nililichukua kama ruhusa na mwenzangu akalichukua kama ukarimu. Kwenye matanga hawajapiga hadi leo. Mmoja ndiye mwimbishaji wetu mzuri zaidi, na mwimbishaji ana mamlaka kuliko mpiga ngoma, kwa hiyo hajalalamika. Wa pili aliacha.

Na watoto wa shule tuliwapoteza, karibu wote. Matanga ni usiku, wazazi walikataa, na walikuwa na haki. Tuliamua walio chini ya miaka kumi na minane waje harusini, kanisani na uwanjani tu. Wengi hawakuendelea. Shule iliendelea na kile kipande cha dakika sita, na nasikia wanafanya vizuri mashindanoni.

Tangazo ambalo halikurekodiwa

Katikati ya mwaka wa pili kampuni moja ya matangazo ilitutafuta. Waliona video ya vijana wakiwa uwanjani, wakataka kuirekodi ngoma kwa ajili ya tangazo la bidhaa. Pesa waliyotaja ilizidi ruzuku yetu ya miezi sita. Walitaka jibu baada ya siku nne.

Hapa ndipo ushirikiano wetu ulipojaribiwa kweli, maana swali lilikuwa: nani anasema ndiyo? Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Kwa kifupi, inasema mtu wa nje akitaka kuzitumia kibiashara apate idhini ya wenyewe kwanza, na wenyewe wanufaike. Nzuri. Lakini "wenyewe" kwa isukuti iliyopigwa Nairobi na kijana ambaye mama yake ni Mwisukha na baba yake Mkamba ni akina nani? Sisi tulisema kikundi, kwa kuwa jasho ni letu. Chama kikasema ni chama. Mzee akasema ngoma anaishikilia tu, wenyewe wako nyumbani, waulizwe. Mfadhili, ambaye hakuulizwa, aliandika barua pepe ndefu.

Chama kilipiga simu Shinyalu. Wazee wa kule hawakukataa. Walitaka kukutana, kujua bidhaa ni gani, na kujua kama itaonyeshwa sehemu ya matanga. Maswali ya busara kabisa. Kukutana huko kulichukua wiki tatu. Kampuni ilikuwa imeshapata kikundi kingine wiki ya kwanza.

Vijana walikasirika, na wawili waliondoka wakisema wazee wanalinda urithi kwa tumbo la mtu mwingine. Sikuwa na jibu. Kijana asiye na kazi alikuwa ameiona kodi ya nyumba ikipita mbele yake ikichapwa na adabu. Bado naamini kuuliza nyumbani kulikuwa sahihi; nisichokubali ni kwamba hatukuwa tumeuliza mapema, kabla ya pesa kubisha hodi. Sasa kuna ukurasa mmoja, uliosainiwa na chama na wazee watatu wa kule, unaosema ni nyimbo zipi zinaweza kurekodiwa kwa biashara na zipi za msiba haziguswi, na mapato yagawanywe vipi. Tungeuandika mwezi wa kwanza ungetuchukua alasiri moja.

Hesabu

Kwa vipimo vya ruzuku, mwaka wa pili tulianguka. Vijana thelathini walibaki kumi na mmoja. Maonyesho ya jukwaani: moja. Video: hakuna, kwa sababu familia zilizofiwa hazikutaka simu usoni, na nilikataa kuziomba. Mfadhili hakuongeza muda wa ruzuku. Tuliagana vizuri, fulana bado tunazo, tunazivaa ndani nje.

Kwa vipimo vingine: tumeitwa kwenye matanga kumi na tisa na harusi saba. Vijana wanne wanaweza kushika usiku mzima bila Mzee, na watatu wanaweza kuwamba ngoma kuanzia gogo tupu. Ukumbi hatuutumii tena, maana hatuna cha kulipia wala haja nao sana; mazoezi ni shughuli yenyewe, na kama wiki tatu zikipita bila mtu kuoa wala kufa, wanakutana uwanjani. Gharama kubwa iliyobaki ni nauli ya Disemba ya kwenda Shinyalu, na chama kinalipa nusu.

Pembe ya swala bado. Iko kwa Mzee, imetundikwa ukutani juu ya televisheni, na yeye ndiye peke yake aliyekuwa akiipiga. Mwaka jana aling'olewa meno mawili ya mbele, na tangu siku hiyo pembe ikipigwa hutoa upepo mtupu. Amemfundisha kijana mmoja, ila hadi sasa anachotoa kinafanana na honi ya mkokoteni. Jumamosi kuna harusi, na wamekubaliana aje nayo hivyohivyo.